Hamu ya kupiga picha za harusi imeisha? Pima macho kwanza

Umevuka miaka arobaini na unapiga picha za harusi hapa Morogoro. Maharusi wamesimama, Milima ya Uluguru nyuma yao unaiona vizuri, lakini kwenye kioo cha kamera huwezi kujua kama picha imetoka safi au ina ukungu. Kazi inakuchosha, unawaachia vijana send-off na kitchen party, unasema hamu imeisha.

Mara nyingi hamu ipo, macho ndiyo yamebadilika. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vikafifia. Miwani ya kusomea hutosha. Bangladesh vijijini, utafiti uliochapishwa 2024 ulionyesha mapato ya waliopewa miwani hiyo yakipanda kwa takribani theluthi moja. Na kamera nyingi zina kigurudumu kidogo kando ya tundu la kuchungulia, cha kulirekebisha lifuate jicho lako. Wengi hawajawahi kukigusa.

Lakini pimwa kabla ya kununua miwani barabarani. Kama hata mlima una ukungu, huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Presha ya macho ndiyo ninayoiogopa zaidi: huja kimyakimya, na uoni ukipotea haurudi. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.