Pesa, Hela na Makuta: Sarafu Ndogo na Majina Yake

Mtu wa Bukavu aliyeishiwa fedha husema, «Sina makuta.» Mwenziwe wa Dar es Salaam husema, «Sina hela», na wa Mombasa, «Sina pesa.» Wote watatu wanataja, pengine bila kujua, sarafu ndogo za zamani ambazo leo hazinunui hata kiberiti. Makala haya yanaeleza asili ya majina hayo, na kwa nini mkusanyaji wa sarafu hana budi kukusanya na maneno pia.

Neno pesa latokana na paisa ya Bara Hindi. Mwaka 1882 Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa ikatoa zake, nazo zikiwa na mizani. Katika koloni la Wajerumani rupia moja ilikuwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ilipogawanywa upya kuwa hela 100. Hela hiyo ilibeba jina la mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ulikofuliwa sarafu za aina hiyo tangu kale.

Kandokando ya Ziwa Kivu, katika karne ya 19, kazi ya fedha ilifanywa na bangili za nyuzi za mmea ziitwazo butega, zilizosukwa na Watembo. Kuanzia mwaka 1887 Dola Huru la Kongo lilitoa santimu za shaba, zenye tundu katikati. Makuta yalifika baadaye. Mwaka 1967 serikali iliweka zaire mahali pa faranga: zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja sengi 100. Likuta la alumini lilikuwa sawa na faranga 10 za awali. Jina lenyewe ni la kale. Asili yake ni Kikongo, nalo lilihusiana na vitambaa vya rafia vilivyotumika kama fedha. Katika karne ya 18 Wareno walikuwa wamekwisha kufua sarafu za makuta kwa ajili ya Angola.

Hapa lazuka swali la kiisimu. Zaire, iliyokuwa kubwa, imetoweka katika maana ya fedha. Sengi, iliyokuwa ndogo mno hata haikupata sarafu ya sengi moja, imetoweka vilevile. Kilichobaki ni likuta. Sababu yaonekana kuwa matumizi: jina linalodumu ni la sarafu ndogo iliyopita katika mikono ya wengi, ikatosha kununua kitu. Tena neno limebadilika kisarufi. Kama maji na mafuta, makuta husimama bila umoja wake, kwa kuwa hakuna tena anayehesabu likuta moja moja.

Thamani ilikufa kabla ya jina. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Makuta mapya yakawa ya karatasi. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Akiba ya sarafu iliyowekwa chunguni ikawa chuma tu, na watoto wakaichezea.

Kwa sababu hiyo likuta la mwaka 1967 si ghali, nalo lafaa kwa mwanafunzi anayeanza kukusanya. Asilisugue ling'ae, kwani kusugua hufuta alama. Aandike mwaka, madini na mahali lilipopatikana. Kisha aongeze safu moja ambayo orodha nyingi za wakusanyaji hazina: wazee waliliitaje, na lilinunua nini sokoni? Sarafu yaweza kungoja sandukuni miaka mia. Anayekumbuka bei ya ndizi kwa makuta hangoji hivyo. Akiondoka, sarafu itabaki bila mtu wa kuisemea.