Rangi za Jiwe la Tabaka

Mwenye kupita kwenye maduka ya vinyago hapa Mombasa hakosi kuona mabakuli na visahani vya mawe, vyekundu, vya buluu na vyeusi, vilivyotiwa nakshi nyeupe. Wengi wetu hudhani jiwe limezaliwa hivyo. Sivyo. Jiwe hilo hutoka Tabaka, katika nchi ya Wakisii, na rangi hizo huchanganywa kwa mkono kama somo achanganyavyo hina ya bi arusi.

Jiwe la sabuni, kama liitwavyo kwa utelezi wake, lina rangi alizoliumba nazo Mwenyezi Mungu. Liko jeupe, la kijivu, na la waridi lenye mishipa ya wekundu. Huchimbwa kwa sululu, likakatwa kwa panga, kisha kisu kikalitoa umbo. Wanaume aghalabu ndio wachongao. Wanawake hukaa na mabeseni ya maji wakilisugua kwa msasa, wakianza na ule mkali na kuishia na ule laini, mpaka likawa kama shavu la mtoto. Maji yale yana faida ya pili, kwani hulaza vumbi. Mchongaji wa jiwe kavu hukaa katika wingu jeupe, na niliowaona hawakuwa hata na kitambaa puani. Kifua cha mtu si cha kulipwa kwa bei ya kisahani.

Baada ya kukauka ndipo rangi huja. Ni rangi ya unga, huvurugwa kwa maji ya moto. Ikiwa nyepesi mno hutoka na mabaka, na ikiwa nzito hukaa juu kama masizi ya chungu. Jiwe nalo lataka lipate joto kwanza, la jua au la moto, ndipo linywe sawasawa. Wenye kupaka hina watafahamu neno hili upesi, kwani rangi haipakwi tu, bali huiva. Kisha fundi huchukua ncha kali akachora juu ya rangi ile, na kila anapokwaruza weupe wa jiwe hutokeza. Nakshi ile nyeupe, basi, haikupakwa na mtu. Ni jiwe lenyewe lililofunuliwa. Mwisho hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa.

Napenda kazi hiyo, ila nina neno. Rangi nzito huweza kuficha ufa, au mahali palipovunjika pakaungwa kwa gundi. Na kumpaka buluu yule wa waridi, jiwe lenye urembo wake, kwangu ni israfu. Mafundi hujibu kwamba wafanyabiashara ndio watakao rangi, nao wana watoto wa kulisha. Siwalaumu. Jiwe lisilopakwa laweza kufika mbali vilevile: Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko huko, ana ndege wake wa amani katika makao ya UNESCO mjini Paris.

Wasomaji wataniuliza juu ya sanamu. Sisi tuliokalia mikeka ya chuoni twajua tulivyofundishwa kuhusu picha za viumbe, nami twiga na vifaru niliwapita. Lakini chombo ni chombo. Wala vyombo vya jiwe laini si vigeni pwani, kwani vilivyochongwa kaskazini ya Bukini vimefukuliwa Kilwa na katika miji mingine ya kale.

Basi anayetaka bakuli la tende au la halua na achague lisilopakwa rangi ndani, maana rangi zile hazikutengenezwa kwa chakula. Aligeuze atazame kitako, ambako mara nyingi rangi haikufika, aone jiwe lenyewe ni la namna gani. Alipitishe kidole ukingoni akitafuta ufa. Na akishatosheka asikazane sana kuvuta bei, maana kipande kile kimepita mikono ya mchimbaji, mchongaji, msuguaji na mpaka rangi kabla ya kumfikia mwenye duka.