Jiko la Mkaa Chumbani: Moshi Ukiisha, Hatari Haijaisha

Kuanzia Juni hadi Agosti, nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro hugubikwa na ukungu na baridi kali. Mji wa Karatu uko takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro ni zaidi ya mita 2,200. Katika majira hayo, si ajabu jiko lililopikia chakula cha jioni kuingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Desturi hiyo inaweza kuua familia nzima usingizini.

Wengi husubiri mkaa ukolee na moshi uishe, wakiamini kuwa jiko limekuwa salama. Sivyo. Mkaa mwekundu usiotoa moshi huendelea kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo ikivutwa, hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni ilhali mtu anapumua kama kawaida. Aliyelala hapati onyo lolote.

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au mafua. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka na maumivu ya kichwa yanayopungua wakitoka nje, jiko ndilo la kushukiwa kwanza. Watoto wachanga, wajawazito na wenye maradhi ya moyo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kuwa kinga, na sufuria ya maji juu ya jiko haiondoi hewa hiyo. Makaa yaliyofukiwa majivuni nayo huendelea kuitoa usiku kucha. Kanuni ni moja: jiko la mkaa lisiingizwe mahali watu wanapolala, iwe nyumba, kibanda cha mlinzi au hema la wapishi wa safari za utalii. Katika nyumba ambamo kuni hupikiwa ndani, tundu la kutolea moshi libaki wazi, na moto uzimwe kabisa kabla ya kulala.

Joto laweza kupatikana bila moto kulala ndani. Maji yapashwe nje, yatiwe katika chupa ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo ifungwe kwa kitambaa na kuwekwa kitandani. Nyufa za kuta na milango zizibwe pale tu ambapo hakuna moto wowote ndani. Mavazi mazito, soksi na blanketi la ziada hufaa kuliko inavyodhaniwa.

Wenye hita ya umeme waiweke angalau mita moja kutoka kwenye kitanda, pazia na nguo, wala wasianikie nguo juu yake. Hita ya wati 2,000 hutumia uniti mbili za umeme kwa saa moja. Mzigo huo ni mkubwa kwa ekstensheni nyembamba, hivyo ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani iliyo imara, na izimwe kabla ya kulala. Plagi ikipata moto, matumizi yasitishwe na fundi aitwe.

Akikutwa mtu amezidiwa chumbani, milango ifunguliwe na atolewe nje upesi. Apelekwe katika zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu hata kama ameanza kupata nafuu, na mhudumu aelezwe kuwa kulikuwa na jiko la mkaa ndani. Penye moto au haja ya uokoaji, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa kupiga namba 114.