Kuishi Njombe na Makambako bila gari: Kilomita 60 si tatizo, shughuli ipo kwenye zile tatu za mwisho

Kutoka Makambako hadi Njombe ni takriban kilomita 60, lami mwanzo mwisho. Wapo wanaolala mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine: walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa mbao na viazi. Wengi wao hawana gari, na wanafika. Swali ni wanafika saa ngapi, na mwezi ukiisha wamebaki na shilingi ngapi mfukoni.

Miji hii haikukua kwa kumfikiria abiria wa kila siku. Makambako ni mtoto wa njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapo na ile ya Njombe hadi Songea, na mji umetambaa kando ya lami kufuata malori na mabasi. Reli ya TAZARA nayo inapita Makambako, lakini hiyo ni treni ya safari ndefu, haiji kila siku na haifiki Njombe.

Njombe ni makao makuu ya mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Huduma zake nyingi zimetawanyika. Hospitali ya Mji ipo Kibena, ya Rufaa ya Mkoa ipo Wikichi, na zote ziko nje ya katikati ya mji. Mwenye gari haoni shida. Asiye nalo anaanza kuhesabu: gari la kwanza mpaka stendi, la pili mpaka mjini, la tatu mpaka mlangoni.

Hesabu yenyewe ikoje?

Nauli za mabasi hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA. Viwango vilivyoanza Desemba 8, 2023 viliweka basi la daraja la kawaida Sh48.47 kwa kila kilomita kwa abiria mmoja. Zidisha kwa kilomita 60, unapata kama Sh2,900. Kwenda na kurudi ni Sh5,800.

Sasa ingiza bodaboda. Hapa hakuna kiwango, ni maelewano, na mvua ikinyesha maelewano hubadilika papo hapo. Tuchukue mfano wa anayempa boda buku moja kutoka nyumbani hadi stendi, buku nyingine kutoka stendi hadi kazini, na jioni vivyo hivyo. Hiyo ni Sh4,000 kwa siku. Yaani kilomita 120 za barabara kuu zimemgharimu Sh5,800, halafu vile vipande vidogo vya mitaani vimekula Sh4,000.

Kwa siku 22 za kazi, basi linachukua karibu Sh128,000 na boda Sh88,000. Jumla ni Sh216,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi Sh500,000 kuanzia Julai 2025. Anayelipwa hicho na kusafiri hivi, zaidi ya asilimia 40 inaishia barabarani, tena kabla ya makato.

Je, gari binafsi ni nafuu? Hapana, kwa anayesafiri peke yake. Tukikadiria petroli Sh3,000 kwa lita na gari dogo linalotembea kilomita 12 kwa lita, kilomita 120 zinataka lita 10, yaani Sh30,000 kwa siku. Kwa mwezi ni Sh660,000, bado tairi, oili na bima. Ndiyo maana hata wenye magari huyaacha nyumbani na kupanda Kosta kama watu wengine, wakayatoa Jumapili kwenda kanisani.

Hesabu hubadilika wakiwa wanne kwenye gari moja na kuchangia mafuta. Hiyo ipo, na majirani wanaoaminiana huifanya. Ila kuchangia mafuta na mwenzako wa kazini ni jambo moja, kusimama stendi na kuita abiria wa nauli ni jambo jingine. La pili linahitaji leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, hapo ndipo abiria anagundua alipanda nini.

Gari linaondoka likijaa

Kitu kinachomchosha asiye na gari kuliko nauli ni kusubiri. Hiace na Kosta za njia fupi hazifuati saa, zinafuata siti. Mpiga debe atakuambia "bado wawili tu" na wewe unaona wazi wamebaki saba. Asubuhi zinajaa upesi kwa sababu wote wanawahi. Saa nne au saa tano unaweza kukaa ndani mpaka usingizi ukupitie.

Wazoefu wanajua kucheza na mabasi makubwa. Yale yanayotoka Dar es Salaam alfajiri kwenda Songea hufika Makambako mchana au jioni, na kila anayeshuka hapo anaacha siti. Konda hataki siti iende bure, kwa hiyo humchukua wa Njombe. Asubuhi mbinu hiyo haisaidii sana, maana basi lililotoka Songea alfajiri linafika Njombe watu wameshaingia kazini.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa wa asiye na gari hufanyika siku ya kutafuta chumba. Chumba cha bei nafuu kilichojificha mtaani kinavutia, lakini kikiongeza boda mbili kwa siku kinadai Sh44,000 zaidi kila mwezi kwa bei ya buku. Chumba cha kutembea kwa miguu hadi lami kinaweza kuwa na kodi kubwa zaidi na bado kikawa nafuu. Halafu kuna baridi. Njombe ipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na boda ya saa 11 alfajiri mwezi Julai inataka koti zito na glovu, siyo ushujaa.

Usiku ukiingia

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi ya mikoani kusafiri saa 24, na hilo limesaidia wa safari ndefu. Wa mtaani bado yuko palepale. Hiace zikilala, anabaki na bodaboda anayemfahamu na jirani mwenye gari.

Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga kuna njia nyingine ya kujua mapema. Mfumo wa m-mama hupokea simu za dharura bure kupitia namba 115. Gari la wagonjwa likikosekana, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia hailipi nauli.

Mgonjwa mwingine hayumo kwenye huduma hiyo. Mzee akibanwa na kifua saa nane usiku Makambako, familia isiyo na gari inaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, na dereva wa kwanza atakayepokea ndiye atakayetaja bei.