Je, Wajua? Grini Kadi Huisha, Ukaazi Hubaki

Mwaka 1940, vita vikiwa vimewaka Ulaya, Marekani iliamuru kila asiye raia mwenye umri wa miaka 14 na zaidi aandikishwe na kuchukuliwa alama za vidole. Kazi hiyo ilifanyika posta. Shabaha ilikuwa kuwajua wageni, si kuwakirimu. Risiti waliyotumiwa baadaye ndiyo bibi wa grini kadi.

Baada ya vita, wenye haki ya kuishi nchini moja kwa moja wakaanza kupewa kadi yao, nayo ilikuwa ya kijani, ndiyo maana ikaitwa grini kadi. Waajiri wakaizoea, waghushi nao hawakubaki nyuma. Sura yake ikawa inabadilishwa kila mara: mwaka 1964 ikageuka samawati hafifu, zikafuata rangi nyingine, waridi ikiwamo, hadi kijani kikarejea mwaka 2010. Muda wote huo jina halikubanduka.

Kadi ya sasa ina picha, alama ya kidole na chipu inayosomwa mpakani kwa mawimbi ya redio. Kwa kawaida hudumu miaka 10, na hapo ndipo wengi wanapojichanganya: kinachokwisha ni kadi, si ukaazi. Mwenye kadi iliyopitwa na muda bado ni mkaazi halali, ingawa atahangaika akitafuta kazi au akisafiri. Aliyeipata kupitia ndoa isiyotimiza miaka miwili ana shughuli nyingine. Kadi yake ni ya miaka miwili tu, na asipoomba masharti yaondolewe kwa wakati, ukaazi nao huenda.

Kinachouma zaidi ni kinyume chake. Mtu anarudi Arusha kumuuguza mama, mwaka unapita, na hakuchukua kibali cha kurejea kabla ya kuondoka. Kadi bado ina miaka mingi mbele, lakini peke yake haitoshi tena kumwingiza Marekani, na ofisa anaweza kuhoji kama kweli bado kwao ni huko.

Mwenye kadi hulipa kodi, na sheria inamtaka atembee nayo akishatimiza miaka 18. Wanaume vijana hujiandikisha kwa ajili ya jeshi, iwapo wataitwa. Kumpigia kura rais? Hapana, hadi awe raia, jambo analoweza kuliomba kwa kawaida baada ya miaka mitano.

Na wapo hata wakaazi wa kudumu wasiokaa Marekani: hulala Meksiko au Kanada, na hupewa kadi hiyohiyo ili wavuke mpaka kwenda kazini.