BENDERA YETU NA MAANA YAKE: HABARI KWA WATU WA KITUI NA MAKUENI

Katika shule za Kitui na Makueni, kama katika Kenya nzima, watoto hujipanga asubuhi ya Jumatatu, wakasimama wima, na bendera ikapandishwa mlingotini. Wengi wao waweza kuzitaja rangi zake bila kukosea. Lakini ni wachache wajuao kwamba rangi hizo zilipata kuwa na maana nyingine, au kwamba Ukambani una sehemu yake katika habari hii.

Tangu mwaka 1921 bendera ya Koloni ilikuwa ya buluu, yenye bendera ya Uingereza pembeni na simba mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Katika siku za utawala huo vijana wengi wa Ukambani waliandikwa katika jeshi la King's African Rifles, na wengine walifika hata Burma. Bali simba yule alikuwa alama ya watawala. Hakutokana na shauri la wananchi.

Rangi tuzionazo leo zilitoka kwa wananchi wenyewe. Tarehe 26 Julai 1952, katika mkutano mkubwa wa Kenya African Union huko Nyeri, Jomo Kenyatta aliieleza bendera ya chama. Nyeusi ni ya watu weusi. Nyekundu yaonyesha kwamba damu ya Mwafrika ni sawa na damu ya Mzungu. Kijani ni nchi yenye rutuba tuliyopewa na Mungu, nayo iko chini ya nyekundu kwa kuwa imekandamizwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba mwaka ule ule, na mwaka 1953 chama kikapigwa marufuku. KANU, iliyoundwa mwaka 1960, ikazirithi rangi zile. Ilipokaribia Desemba 1963 iliongezwa milia miwili myembamba myeupe, ya amani na umoja, pamoja na ngao na mikuki miwili ya kuulinda uhuru. Mlia mpana ukiwa sehemu sita, mweupe ni sehemu moja. Tangu hapo nyekundu ikawa damu iliyomwagika katika kupigania uhuru, na kijani ikawa mali ya nchi. Rangi hazikubadilika, maana yake ndiyo iliyobadilika pamoja na watu.

Na Ukambani je? Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima mkubwa kutoka Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri. Wakamba waliuita Kiinyaa, kwa sababu majabali meusi na theluji nyeupe hufanana na manyoya ya mbuni dume. Wengi husema kwamba jina la Kenya limetoka huko. Tena, wakati wa Uhuru, Desemba 1963, mpanda milima Kisoi Munyao, naye Mkamba, aliipandisha bendera mpya juu ya mlima ule ule.

Kwa sheria ya mwaka 2012 kila moja ya kaunti 47 yapaswa kuwa na bendera, nembo na muhuri wake. Kitui ni mojawapo. Na Makueni, iliyokuwa sehemu ya Machakos mpaka ikafanywa wilaya mwaka 1992, ni nyingine. Sheria yaagiza kwamba alama hizo zitengenezwe kwa kushauriana na wananchi, zipitishwe na bunge la kaunti, wala zisifanane na alama za taifa.

Agizo hilo si dogo. Bendera ambayo wenyewe hawakuulizwa habari yake haipiti simba yule mwekundu. Basi mzee wa Mwingi na mama wa Wote wana haki ya kuuliza: rangi hii ni ya nini, na alama hii yasema nini juu yetu? Nao watoto wafundishwe maana pamoja na majina ya rangi, ili wasimamapo mbele ya mlingoti wajue wanakiheshimu nini. Bendera isiyojulikana na wenyewe ni kitambaa tu kichezewacho na upepo.