Joto Ndani ya Nyuzi Nyembamba Mno

Wanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba upitishaji joto wa kitu hutegemea maada yake, wala si unene wake. Waya nene ya shaba na waya nyembamba hupewa thamani moja. Kanuni hiyo hukoma nyuzi zinapokuwa nyembamba mno.

Katika silikoni, nusu-kipitishi kinachotumika kutengenezea transista, joto huchukuliwa hasa na mitetemo ya atomu iitwayo fononi. Sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na fononi ziwezazo kusafiri zaidi ya nanomita 100 kabla ya kutawanyika. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Basi, ndani ya uzi wenye kipenyo cha nanomita 50, fononi hugonga kingo na kupotea njia. Elektroni, ambazo mwendo wake baina ya migongano ni mfupi zaidi, haziathiriki sana.

Mwaka 2008 watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha kuwa nyuzi za namna hiyo, zenye uso wa kukwaruza, zilikuwa na upitishaji joto wa takriban sehemu 1 kwa 100 ya ule wa bonge la silikoni. Umeme uliendelea kupita vema.

Jambo hili lina pande mbili. Kifaa cha kugeuza joto kuwa umeme huhitaji ncha moja ibaki moto na nyingine baridi. Hapo uzi mwembamba hufaa. Lakini katika transista ndogo, joto lisilopata njia ya kutoka huhatarisha kifaa chenyewe.